Hodi ya Kina cha Tisa

"Itangazwe kwa wakazi wote wa Machimboni, wa vina vya juu na wa vina vya chini, wake kwa waume, wenye zamu na wasio na zamu, kwamba leo mji wetu mtukufu unavuka kizingiti cha enzi mpya! Enzi ambayo vizazi vijavyo vitaitaja vikiwa vimesimama wima! Enzi ambayo..."

Spika zikakoroma, zikakohoa, zikanyamaza. Ziliporudi, sauti ya Kiranja Mkuu Kasigwa ilikuwa imeshuka cheo.

"Samahani. Nimeombwa, kabla ya enzi mpya, nitangaze kwamba upawa mkubwa wa jiko la Kina cha Pili hauonekani. Aliyeuchukua aurudishe. Hataulizwa kitu."

Upawa huo ulikuwa chini ya godoro la kijana mmoja aitwaye Mbonea, fundi wa programu, mwenye umri wa miaka kumi na saba na sura ya mtu anayesingiziwa. Wakati ule alikuwa kwenye foleni ya uji, bakuli mkononi, akitikisa kichwa kwa masikitiko kama wenzake. Wapishi walikuwa wakigawa uji kwa kikombe. Foleni haikusogea.

"Watu wengine hawana utu," alisema Mbonea.

"Kabisa," alisema Lusajo, rafiki yake wa bweni, aliyekuwa nyuma yake na aliyejua godoro lilivyovimba.

Machimboni ulikuwa mgodi wa dhahabu zamani. Dhahabu ikaisha, jua la huko juu likawa halivumiliki, watu wakashuka mashimoni. Wa kwanza kushuka walikuwa shule nzima ya bweni iliyokuwa jirani na mlango wa mgodi, na kengele yao, na viranja wao. Watu wazima walipofuata waliwakuta watoto wamekwisha panga foleni. Hakuna aliyepata nguvu ya kubadilisha utaratibu. Ndiyo maana hadi leo kiongozi wa mji anaitwa Kiranja Mkuu, na mzee wa miaka sitini huomba ruhusa kabla ya kwenda kumsalimia dada yake Kina cha Tano.

Spika zikarudia heshima yao.

"Kama mjuavyo, ndugu yetu Nkwabi, mtunza pampu wa Kina cha Tisa, alikutwa amefariki, hewa ikiwa imeharibika chumbani mwake. Uchunguzi umeonyesha kwamba siku zote alizokuwa amelala pale, chombo kiitwacho Zamu kilimpigia hodi, na kikaandika kwamba kimeitikiwa. Kimeitikiwa, ndugu zangu! Na marehemu! Chombo cha namna hiyo hakifai. Baraza linakusudia kukizima na kukiandika upya kwa lugha mpya ya kompyuta, Mteremko. Kijana Mbonea wa karakana ya programu ataleta ushauri wake mbele ya Baraza mara matanga yakianuliwa. Mwalimu Tumsifu, aliyekuwa mtunzaji wa Zamu, atashuka Kina cha Tisa kushika nafasi ya marehemu. Asanteni. Na upawa urudi."

Foleni nzima iligeuka kumtazama Mbonea. Lusajo akampiga kofi la mgongo.

"Bosi! Miaka miwili unatupigia kelele bwenini, Zamu iandikwe upya, Zamu iandikwe upya. Leo wamekukabidhi na sahani yake. Mbona umekunja uso kama umemeza sabuni?"

"Njaa," alisema Mbonea.

Lakini uji ulipomfikia, aliutazama, akampa Lusajo.

*

Msiba ulikuwa Kina cha Nne, kwenye ujia mpana uliotandikwa mikeka. Mama Nkwabi alikaa ameegemea ukuta wa mwamba, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Mbonea alivua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa, mwanangu." Akamwangalia vizuri. "Wewe ndiye yule wa kompyuta. Nkwabi alikuwa anakutaja. Dogo mmoja mtundu, anasema, atanyongwa au atakuwa Kiranja Mkuu."

Mbonea akanyoosha ncha ya mkeka.

"Nataka unieleze kitu," aliendelea mama yule, sauti chini. "Kasigwa anasema mashine imekosea. Mimi sijasoma, ila nimeishi na ile mashine tangu nashuka humu. Haijawahi kusema mtu kaitikia wakati hajaitikia. Kwa hiyo mwanangu aliitikia. Si ndiyo?"

"Mama..."

"Daktari kaniambia hakufa siku ile ile hewa ilipoharibika. Alilala pale, anaumwa, yu hai. Hodi inapigwa, anajibu karibu, nipo salama. Inapigwa tena, anajibu karibu." Akashika mkono wa Mbonea, akaubana. "Mimi niko hapa Kina cha Nne. Lifti moja tu. Angesema neno moja ningeshuka hata kwa ngazi. Nilimkosea nini mwanangu, hata akaona heri afe kuliko kuniita?"

Pembeni, shangazi mmoja alianza kulia. Mbonea alisema asichokumbuka, akainuka, akasahau kuvaa kiatu kimoja, akarudi kukichukua, akaondoka.

Na sasa, kwa heshima zote zinazostahili jambo hili, ni lazima lielezwe.

Mji mzima wa Machimboni huendeshwa na programu ndogondogo, maelfu. Feni hii ina yake, pampu ile ina yake, hata kengele ya chai ina yake. Fundi akirekebisha programu, haendi kuibandika mwenyewe. Huitia kwenye foleni. Zamu huja, huokota kila kipande, hutazama kipi kinakitegemea kipi, hukigeuza kiwe lugha ya mashine, kisha hukipeleka mahali pake kwa mpangilio, ili feni isiwashwe kabla ya mlango wake kufunguka. Zamu ni fundi mwashi asiye na mikono. Aliijenga nani, wengi wamesahau. Iliandikwa kwa Chuma, lugha ngumu ya zamani, ambayo aliyebaki kuisoma ni Mwalimu Tumsifu peke yake.

Nayo ina tabia. Kabla ya kugusa mtambo wowote, hupiga hodi. Mtunza mtambo huandika neno lolote alipendalo, mradi karibu iwemo, na spika ikalisoma. Ndipo Zamu huingia. Hodi ya kwanza isipojibiwa, hupiga ya pili. Ya pili isipojibiwa, ya tatu. Ya tatu ikipita kimya, Zamu haiingii. Hupiga kengele ya mji, na watu wawili hushuka kutazama kuna nini.

Asubuhi hodi, jioni hodi. Nkwabi, aliyekuwa akikesha na pampu usiku na kulala mchana, aliichukia kwa moyo wote.

"Dogo," alimwambia Mbonea siku moja kwa simu ya waya, akipiga miayo. "Hii Zamu yenu inaniita kama mama mkwe. Nikifumba jicho tu, hodi. Niitikie, bwana."

"Nikuitikie vipi, kaka? Mimi niko Kina cha Pili."

"Kwani shuleni hamkuitikiana? Mwenzako katoroka, jina linaitwa, nani anasema nipo? Si wewe? Nasikia ulikuwa unaitikia watu wanne kwa sauti nne."

Hilo lilikuwa kweli, na Mbonea alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni kusifiwa. Aliandika mistari michache ya Mteremko kabla chai haijapoa. Programu ndogo, ikae kwenye kompyuta ya Nkwabi, isikie hodi, ijibu. Na kwa kuwa karibu kavu haina ladha, akaipamba. Mara ijibu, "Karibu, chai imeisha." Mara, "Karibu, viatu acha mlangoni, nimepiga deki." Nkwabi alipoijaribu alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo alilala usingizi wa mtoto, na Zamu ikaridhika.

Hewa ilipoharibika, Zamu ilipiga hodi asubuhi. Ikajibiwa kwamba chai imeisha. Jioni ikapiga tena. Ndoo ya chakula ilirudi juu imejaa, na wapishi wakasema Nkwabi keshagomea maharage tena. Hodi zikaendelea kupigwa, zikaendelea kujibiwa, hadi mpishi mmoja aliyechoka kubeba ndoo iliyojaa alipoamua kushuka kwenda kumtukana.

Siku Nkwabi alipopandishwa kwa lifti, amefunikwa blanketi, jambo la kwanza alilofanya Mbonea halikuwa kulia. Alitia agizo kwenye foleni: ile programu ifutwe. Halafu ndipo akalia.

*

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Usikalie miwani."

Mwalimu Tumsifu alikuwa anafunga vitu vyake. Blanketi, jozi ya kandambili, sabuni, vyote ndani ya ndoo moja yenye mfuniko, kama mwanafunzi anayerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kikohozi. Alimfundisha Mbonea hesabu kidato cha pili, na hakuwahi kumpa alama ambayo hakuistahili, wala juu wala chini. Nyuma yake, skrini ya Zamu ilikuwa inawaka kijani, mshale wake ukipepesa mahali pamoja.

"Haya," alisema. "Wamekutuma upime. Pima."

Mbonea alikuwa amejiandaa. Alikuwa amejiandaa kwa miaka miwili.

"Kwanza, Mwalimu, Chuma unaisoma wewe tu."

"Kweli."

"Ukiugua, mji mzima umefungwa mikono. Pili, kosa dogo kwenye Zamu linachukua wiki nyingi kurekebisha. Kwa Mteremko mtoto wa darasa la tatu analiona. Unaandika, unaendesha hapo hapo."

"Kweli. Na mtoto huyo huyo wa darasa la tatu anaweza kuiharibu hapo hapo. Lakini endelea."

"Mteremko ni polepole ikifika kwenye mahesabu makubwa. Nakubali. Ila Zamu haipotezi muda kwenye mahesabu. Nimeipima. Inapoteza muda ikisubiri watu waseme karibu."

"Kweli," alisema Mwalimu, akikunja soksi. "Kwa hiyo wewe kwenye mchoro wako umeiondoa hodi."

"Niliiondoa. Zamani. Kabla ya..."

"Unajua iliwekwa kwa nini? Miaka ya mwanzo Zamu ilikuwa inaingia tu. Siku moja ikapeleka programu mpya kwenye feni ya Kina cha Tatu. Feni ikawaka. Fundi alikuwa ameingiza mkono ndani anasafisha." Alifunika ndoo, akafunua tena, akatia mswaki aliousahau. "Wakasema, hiki kitu kikae na adabu kama mtu mwingine. Kisiingie kwa mtu bila hodi. Baadaye ndipo tukagundua faida nyingine. Mtu akianguka huko chini, hodi inamkuta."

Kikohozi kikamshika. Mbonea akasubiri kiishe.

"Mwalimu, nimefikiri upya. Tunaweza kuandika kwa Mteremko na hodi ikabaki. Si lazima moja ife ili nyingine iishi."

"Hodi ibaki ya nini?"

Hakuwahi kumsikia akiuliza kwa sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kweli.

"Tangu msiba nimeisoma Zamu yote," alisema Mwalimu Tumsifu. "Mstari kwa mstari, mwanzo mpaka mwisho, na macho haya. Natafuta ni wapi inaweza kusema imeitikiwa wakati haijaitikiwa. Sijapaona. Maana yake nini, Mbonea? Maana yake pengo lipo, na mimi ndiye nisiyeliona. Miaka yote nimekaa nalo, nalipangusa vumbi. Nimemuua kijana wa watu kwa kiburi." Akavaa miwani, akaivua. "Waambie waiandike upya. Usinionee haya. Mimi ningekuwa kwenye Baraza ningepiga kura hiyo hiyo. Na huko Kina cha Tisa niende. Ni haki."

"Hewa ya kule haijatengemaa, Mwalimu. Na kama chombo kipya hakitapiga hodi, ukianguka..."

"Nkwabi alipigiwa. Ilimsaidia nini?"

Mshale wa kijani ulipepesa. Mbonea alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale, yamepangwa, mepesi, yasiyozidi pumzi moja: si wewe, Mwalimu, ni mimi.

"Mwalimu."

"Nini?"

"Nikusaidie kubeba ndoo?"

*

Baraza lilikaa bwaloni, siku matanga yalipoanuliwa. Meza zilisogezwa ukutani, mabenchi yakajaa, Mama Nkwabi akawekwa mbele kwa heshima. Jukwaani palikuwa na Kiranja Mkuu Kasigwa amevaa tai, kompyuta iliyounganishwa na Zamu, na Mbonea na karatasi zake. Chini ya meza, kebo nene ya umeme ilipita karibu na kiatu chake.

Alisoma ushauri wake. Ulikuwa ushauri mzuri, na ubaya wake ndio huo. Kila neno lilikuwa la kweli. Chuma haisomwi, Mteremko unasomwa, mji hauwezi kutegemea macho ya mtu mmoja. Mwishoni, kwa sauti iliyopungua, alisema hodi ingefaa ibaki.

"Hodi!" alidakia Kasigwa, akigeukia watu. "Hodi ya nini, ndugu zangu, wakati marehemu wanaitikia?"

Watu wakapiga makofi. Mbonea akakaa. Hakutetea neno lake. Kwenye benchi la tatu, Mwalimu Tumsifu alikuwa na ndoo yake miguuni, tayari kwa safari. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Kiranja Mkuu, ombi moja. Zamu haijengi kitu msibani, mnajua. Foleni imelala tangu siku Nkwabi alipopandishwa. Kuna kazi za watu mle. Niruhusu imalize zamu yake ya mwisho ndipo muizime. Sipendi kuacha kazi ya mtu mezani."

"Iruhusiwe!" alisema Kasigwa, aliyependa sherehe. "Na isikike kwenye spika, watu waiage."

Hapo ndipo Mbonea alipoelewa. Tangu siku Nkwabi alipopandishwa. Agizo lake la kufuta halikuwa limefanyika. Lilikuwa kwenye foleni, limekaa kwa utulivu, likisubiri Zamu iende Kina cha Tisa. Na Zamu haifuti kitu kwa mtu bila hodi. Na kule chini, kwenye chumba kilichofungwa, ile programu ilikuwa bado macho.

Mwalimu alipanda jukwaani, akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja.

"Hodi, Kina cha Kwanza, feni kubwa," ilisema Zamu, kwa sauti yake bapa.

"Karibu, tupo."

"Hodi, Kina cha Pili, jiko."

"Karibu. Upawa bado hatujauona."

Watu wakacheka. Zamu ikaendelea kushuka. Kina cha Tatu wakaandika karibu, tuna mafua. Kina cha Nne mtoto alidandia kibodi na kuandika karibu kabla ya baba yake. Mbonea hakuwahi kuisikiliza Zamu hivi, yote, kwa mfululizo. Siku zote aliiona kama orodha ya ucheleweshaji. Sasa alisikia kitu kinatembea mji mzima gizani, mlango kwa mlango, kikiuliza kila mtu kama yu hai, na kikisubiri jibu.

Kiatu chake kilikuwa kimeshaikanyaga ile kebo. Mvuto mmoja tu, umeme ukatike, Kasigwa aseme chombo kimekufa chenyewe, watu wapige makofi. Kina cha Saba kikaitikia. Kina cha Nane kikaitikia. Na hapo, katika dakika ile nzito, dhamiri ya kijana yule ikasimama kama simba, naye akauondoa mguu wake kwa hiari, akaiacha kweli ipite.

"Hodi, Kina cha Tisa, pampu."

Bwalo zima lilijua kwamba kule hakuna mtu. Kasigwa alianza kutabasamu kwa huzuni ya kiserikali.

"Karibu," ilisema spika. "Viatu acha mlangoni, nimepiga deki."

Mtu mmoja alipiga yowe. Benchi likaanguka. Kasigwa alishika tai yake kama inayomnyonga. Mwalimu Tumsifu hakusogea, ila mikono yake ilitoka kwenye kibodi taratibu, kama iliyoguswa na moto. Katikati ya zogo lile Mama Nkwabi alisimama, khanga imemwanguka mabegani.

"Si yeye," alisema.

Watu wakamgeukia.

"Si yeye huyo. Mwanangu hajapiga deki tangu azaliwe. Nimempiga, nimembembeleza, nimemnyima chakula. Hajapiga. Hawezi kusema hivyo hata kwa utani, maana ningeshuka kwenda kushuhudia." Akageuka huku na huku, machozi yakimtiririka, sura yake kama ya mtu aliyefunguliwa kamba. "Nani huyo anamwitikia mwanangu?"

Zamu, ambayo haijui kunyamaza pale panapofaa, ikatoa taarifa kama ilivyo kawaida yake kila imalizapo kazi.

"Kina cha Tisa. Imefutwa programu ya kuitikia hodi. Mwandishi, Mbonea. Aliyeagiza kufuta, Mbonea."

Halafu ikaenda kwenye kazi iliyofuata kwenye foleni, kirekebisho kidogo cha pampu ile ile, na kama ilivyo adabu yake, ikaanza upya.

"Hodi, Kina cha Tisa, pampu."

Kimya.

"Hodi, Kina cha Tisa, pampu."

Kasigwa akaiachia tai.

"Hodi, Kina cha Tisa, pampu."

Na kengele ya mji ikalia. Ilianza juu, ikashuka kina baada ya kina, ikatetemesha vikombe kwenye meza za ukutani. Wanaume wawili wa mlangoni walikwisha geuka kukimbilia lifti, kwa mazoea tu, kabla hawajakumbuka kwamba hakuna wa kuokoa. Ndivyo ingelilia kwa Nkwabi. Kila mtu bwaloni aliisikia jinsi ambavyo ingelilia.

Mwalimu Tumsifu aligeuka kwenye kiti. Alikuwa amezeeka na amepona, vyote kwa pamoja. Hakukasirika. Aliita kama anavyoita asubuhi darasani, mkono tayari na kalamu.

"Mbonea."

Mbonea akasimama. Au alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi juu ya karatasi zake, kwa sababu ile kebo ilikuwa imemzunguka kifundo cha mguu mara mbili.

Mwalimu akaitazama kebo. Akamtazama. "Na hiyo?" akauliza.

Haya.

Nilisema aliuondoa mguu kwa hiari. Hakuuondoa. Aliivuta ile kebo kwa nguvu zake zote, Kina cha Nane kilipoitikia, akavuta tena, akaizungusha mguuni apate kuivuta vizuri, nayo ikagoma kwa kuwa fundi aliyeifunga aliifunga vizuri. Hakukuwa na simba wala dhamiri. Na hadithi hii nzima nimekuwa nikisema yeye, yeye, Mbonea hivi, kijana yule vile, nikimtuma mwingine aniitikie, kama nilivyozoea.

Mwalimu akaita mara ya pili.

"Nipo," nilisema, nikiwa bado sakafuni.

Nilianza na upawa, maana ndio uliokuwa rahisi. Nikasema uko chini ya godoro langu. Hakuna aliyecheka. Kisha nikasema yaliyobaki, yote, simu ya Nkwabi, chai yangu ambayo haikupoa, agizo la kufuta, magoti niliyopiga msibani nikanyamaza, na ndoo niliyojitolea kubeba. Nilisema Zamu haina kosa hata mstari mmoja, na Mwalimu asishuke kokote kwa ajili yangu. Kuhusu kuiandika upya kwa Mteremko nikasema sijui tena, ila yeyote atakayeiandika, asiwe mimi. Ilinibidi nipaze sauti, kwa kuwa kengele ilikuwa bado inalia. Huwa haizimwi hadi mtu ashuke akatazame.

Mama Nkwabi alinijia hadi pale nilipokuwa. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Halikuja.

"Kwa hiyo hakuitikia yeye," alisema.

"Hakuitikia, mama."

"Angeniita."

"Angekuita."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akajifunga khanga kiunoni, akapita kando yangu, akaenda kusimama mbele ya lifti, tayari kushuka.